Vichupa Vitatu vya Damu

Damu ukiiacha itulie hujitenga yenyewe. Wekundu huzama chini, na juu hubaki maji ya manjano, mepesi, yanayopitisha mwanga wa dirisha. Miaka yote niliyofanya kazi katika maabara ya hospitali yetu hapa Likasi nimeyatazama maji hayo kila asubuhi, na bado hujisahau. Wenzangu wamenizoea. Wakiniona nimesimama dirishani nimeinua kichupa, husema, "Huyu ameshaondoka," kisha wanaendelea na shughuli zao.

Nami huwa nimeondoka kweli. Huwa najiuliza mle ndani mna nini cha mwenye damu. Je, mna mchuzi alioula juzi, mna usingizi alioukosa, mna bibi yake aliyefariki kabla yeye hajazaliwa? Mashine yetu haijibu maswali ya namna hiyo. Hutoa karatasi nyembamba yenye tarakimu, na pembeni alama ndogo ya nyota pale kitu kinapozidi au kupungua, halafu hunyamaza.

Kaka yangu mkubwa namwita Yaya, kama tunavyomwita huku Katanga ndugu yeyote aliyetutangulia kuzaliwa. Aliugua akiwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Alianza kusikia watu wakizungumza ndani ya ukuta. Mwanzoni hawakuwa watu wabaya; aliniambia walikuwa wakisoma majina tu, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Baadaye wakaanza kumtukana. Akaacha kulala, akaacha shule, akawa anatembea kwa miguu mpaka kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe na kurudi mweupe mwili mzima, nyusi na kope, halafu anasimama mlangoni akisubiri mtu amwambie aingie. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia.

Ugonjwa wake una jina, skizofrenia, na daktari alilitamka mbele yetu kwa upole. Mama alilisikia na hakulitumia hata siku moja. Moyo wake ukiwa mzuri, alisema ni ugonjwa wa kichwa. Akiwa amechoka au amekasirika, alisema ni pepo. Ndugu za baba, watu wa Kasai waliokuja zamani kwa kazi za migodi, walikuwa na maelezo yao: kwao hakujawahi kuwa na kichaa, kwa hiyo lazima kimeingia kwa upande wa mama. Yaya alipokuwa wa kwanza darasani alikuwa mtoto wao. Alipougua, akawa mtoto wa mama.

Dawa zilimtuliza kwa miaka mingi. Hakupona, lakini sauti zilisogea mbali, zikawa kama redio ya jirani. Alilima lengalenga, mchicha wetu wa huku, nyuma ya nyumba, karibu na jiko, akinyoosha mistari yake kwa uzi. Baba alikuwa ameshafariki, ndoa yangu nayo ilikuwa imevunjika na nikarudi nyumbani, na hivyo tukaishi watatu, mama, Yaya na mimi, na sikumwonea mtu wivu.

Kisha vidonge vyake vikaadimika mjini. Tulikaa wiki kadhaa tukitafuta, na Jumapili moja, katikati ya nyimbo za kusifu, Yaya alisimama kanisani akaanza kuwajibu watu wa ukutani kwa sauti kubwa. Aliwajibu kwa adabu, lakini aliwajibu. Wapiga ngoma wakaacha. Baada ya ibada wazee wa kanisa walimweka mama katikati wakamwambia kuna kambi ya maombi nje ya mji, ampeleke huko, abaki mpaka afunguliwe.

Kambi ile niliijua. Niliwahi kwenda kumpima malaria mama mmoja aliyekuwa akiuguza mwanawe. Niliona vijana watatu wamekaa chini, kila mmoja ana mnyororo mguuni, na mmoja wao akaniomba nimwambie ni siku gani. Nilimwambia. Akashukuru. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kukawa na vita. Dawa zilirudi, Yaya akatulia tena, lakini mama alikuwa ameshatishwa. Kila jioni tulirudia maneno yale yale juu ya sahani zetu za bukari, ugali wetu, na Yaya alikula akitutazama kwa zamu, mdomo wa nani unafunguka. Mimi nina hasira za karibu. Siku moja niligonga meza mpaka mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, ukaruka ukachafua kitambaa cha mama cha Jumapili, na hapo nikajua kwamba kwa ukali sitashinda.

Ndipo walipofika wale wa chuo kikuu kutoka Lubumbashi. Walikuwa wanatafuta watu wenye ugonjwa wa Yaya, pamoja na ndugu zao wa damu, ili wachukue damu, wapime viwango vya protini zake, na waangalie tofauti ndogondogo za urithi tunazotoka nazo tumboni. Kiongozi wao alikuwa daktari mwanamke mwenye mvi, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee. Alikuja maabara kuomba tumsaidie, na mimi nikaona mlango umefunguka.

Jioni ile nilimwambia mama.

"Mama, bale ba dokta banatafuta bantu ba ugonjwa ya Yaya, na ba famille yabo. Banapima mu damu."

"Na hiyo damu itasema nini?"

"Itasema kama ni ugonjwa."

Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nasema leo bila kujitetea: niliahidi kitu ambacho hakuna aliyeniahidi mimi. Mama akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Basi tusikilizane," akasema. "Damu ikisema kintu, mutoto anabakia hapa, hakuna muntu atamugusa. Kama haiseme kintu, njo pepo. Na minye mwenyewe nitamupeleka kule ku maombi."

Nilikubali. Yaya alikuwa palepale, anachambua maharagwe, na hakuna aliyemuuliza neno.

Yule daktari alitueleza mambo yake vizuri, na nakumbuka nilimsikiliza huku nikielea. Alisema urithi wa ugonjwa huu haukai mahali pamoja. Umetawanyika katika sehemu nyingi mno, kila sehemu ina uzito mdogo sana, nyingine zimetoka kwa baba, nyingine kwa mama, na hata watu wazima wa afya wanatembea nazo. Mimi pia, alisema, bila shaka ninazo nyingi. Nilijitazama mkono. Nikaona mababu wa pande zote mbili wakishuka polepole ndani ya maji ya manjano, kila mmoja ameshika kitu kidogo kisichoonekana, wakiwagawia watoto bila kujua wanachogawa. Protini, akaendelea, ni jambo jingine: urithi haubadiliki, lakini protini hupanda na kushuka kwa chakula, kwa dawa, kwa homa, hata kwa usingizi.

"Damu ya muntu mumoja haitatuambia kintu," akasema. "Ni ya bantu bengi sana njo inaanza kusema."

Sentensi hiyo niliisikia vizuri kabisa, na niliiacha ipite. Nilichokamata ni maagizo: tufike Jumatatu asubuhi, tusile chochote tangu jioni ya Jumapili, maji tunaruhusiwa.

Mama alinishangaa. Kwenda kutoa damu, tena kwa jambo kubwa namna hiyo, bila kufunga na kuomba? Katika kanisa letu mtu hafanyi mtihani wala haendi kupasuliwa kabla nyumba yake haijafunga, na mambo makubwa yana mfungo wake, ule mkavu, usio na chakula wala tone la maji. Mama akatangaza siku mbili kavu, Jumamosi na Jumapili, nyumba nzima. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, joto limelala juu ya paa za bati.

Nilimvuta Yaya kando.

"Yaya, weye hapana kufunga. Kila asubuhi kunywa dawa na mayi. Unasikia?"

"Ninasikia."

Nikampa vidonge na kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akaenda nacho nyuma ya nyumba, akakirudisha kitupu. Jumapili hivyo hivyo. Nikaridhika. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, Jumamosi nilikuwa zamu hospitalini, na kabla ya saa sita nilikuwa nimeshakunywa glasi mbili. Jumapili nikaongeza nyingine baada ya ibada. Nilimwambia Mungu kwamba mtu wa maabara anahitaji mkono usiotetemeka, na yeye hakunijibu vibaya.

Siku mbili zile zimebaki kichwani mwangu kama ndoto ya mchana. Hakuna aliyepika, kwa hiyo hapakuwa na moshi wala sauti ya sufuria, na saa zilikosa mahali pa kushika. Upepo ukitoka upande wa Shituru ulileta ile harufu kali ya kiwanda, ukigeuka ulileta maua. Mama alilala kwenye mkeka barazani akiimba kwa pumzi ndogo, akasinzia, akaamka akaendelea na ubeti mwingine. Yaya alikaa katikati ya lengalenga zake na kofia ya baba kichwani. Nilikwenda kukaa naye. Nilimuuliza wale watu wa ukutani wanasemaje.

"Leo banatulia," akasema. "Labda nabo banafunga."

Tulicheka pamoja, kwa sauti ndogo ili mama asisikie. Nilimpenda sana siku ile. Nilifikiri: Jumatatu nitakuokoa.

Jumatatu nilimtoa damu mimi mwenyewe. Mshipa wake ulikuwa umezama, nikachoma mara mbili, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikasema moyoni, joto la Oktoba. Kisha nikamtoa mama, kisha mwenzangu akanitoa mimi. Chupa za utafiti ziliwekwa kwenye sanduku la barafu kwenda Lubumbashi. Lakini nilikuwa nimejiwekea vichupa vitatu vya ziada, kimoja cha kila mmoja wetu, na hapo sikumwomba mtu ruhusa. Umeme ulikatika mashine ya kuzungusha ikiwa katikati ya kazi, nikakaa kwenye kigoda kuisubiri jenereta, vichupa vimelala gizani mle ndani, mimi nimeweka kiganja juu ya kifuniko.

Vilipotoka, maji ya mama na yangu yalikuwa mepesi. Ya Yaya yalikuwa na rangi nzito zaidi, rangi ya asali. Nikapima protini zote kwa jumla, kipimo chetu cha kawaida. Mama, sawa. Mimi, sawa. Yaya, juu ya mstari, na ile nyota ndogo pembeni.

Nililia pale pale. Nilivua koti la kazi, nikaenda nyumbani mbio mbio, mwanamke wa umri wangu, nikampa mama karatasi. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye nyota.

"Hii njo ugonjwa?"

"Njo hiyo, mama. Damu imesema."

Akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Jumapili iliyofuata aliwaambia wazee wa kanisa kwamba mwanawe ni mgonjwa kama mgonjwa wa sukari, na haendi popote. Mama akitoa neno mbele ya watu halirudi. Tukawa na wiki za amani, na mvua za kwanza zikaja.

Mara daktari wa mvi akarudi kuchukua damu za familia nyingine. Nilimwonyesha nakala ya karatasi ya Yaya, nikitegemea pongezi. Aliisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Alikuwa amekunywa mayi?"

"Ndiyo. Nilimupa minye mwenyewe."

"Hakikisha, dada. Hizi si zile protini tunatafuta. Hii ni jumla, na jumla inapanda mayi ikikosekana mu mwili. Weye unajua."

Nilijua! Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wa mazoezi kitu hicho hicho, katika wiki yao ya kwanza, na humkaripia anayekisahau. Nilitamani sakafu ya maabara ipasuke initie ndani. Kesho yake nikamtoa Yaya damu tena, amekula na amekunywa. Nyota haikuwepo.

Nikamfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa anang'oa majani.

"Yaya, ile siku mbili ya kufunga, ulikunywa mayi?"

"Hapana."

"Lakini nilikupa kikombe!"

"Nilipatia lengalenga."

"Na dawa?"

"Nilimeza na mate. Dawa si chakula." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Mulikuwa munafunga juu yangu. Sasa minye nitakunywa namna gani?"

Nilirudi ndani nikaketi kitandani. Nyota niliyoililia kwa furaha ilikuwa kiu ya ndugu yangu, siku mbili za kiu katika joto lile, na kati yetu sisi wenye akili timamu hakuna aliyeiona.

Ningeweza kunyamaza. Karatasi ilikuwa ndani ya Biblia, Yaya alikuwa salama, na mama hakuwa na namna ya kujua. Nilinyamaza siku nne. Ya tano akaja mama mmoja wa kanisa letu, mwenye binti anayesikia sauti kama Yaya. Alikuwa amepata habari zetu. Aliniomba nimpime binti yake Jumatatu: damu ikisema kitu, anabaki, isiposema, atampeleka kambini. Alikuwa ameshafunga mizigo ya binti. Nilimwangalia mama huyo akipiga magoti kunishukuru, na nikajua damu ya binti yake, aliyekunywa maji yake vizuri, haitasema lolote.

Mchana ule ule nilimwambia mama yangu yote. Alikuwa barazani anapepeta mchele kwenye ungo. Nilimwambia habari ya kikombe, ya lengalenga, ya kipimo cha pili. Nilimwambia kwamba damu ya mtu mmoja haina uwezo wa kusema ni ugonjwa au si ugonjwa, na kwamba nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilijua nampokonya Yaya ngao yake kwa mikono yangu. Mama aliendelea kupepeta. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Na yangu?"

"Yako nini, mama?"

"Damu yangu. Kama kiu inaonekana mu damu, yangu ilisema nini?"

"Yako ilikuwa muzuri. Na yangu vile vile."

"Weye ulikunywa?"

"Ku kazi. Glasi mbili. Na moja ya dimanche, kisha ibada."

Ungo ukashuka magotini. Mama alitazama barabara, na nikaona aibu ikipanda shingoni mwake mpaka masikioni.

"Munkoyo," akasema hatimaye. Hicho ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na yeye hukitengeneza vizuri kuliko yeyote mtaani. "Siku ya dimanche, nyuma ya jiko. Kikombe kimoja." Akasita. "Hapana, vikombe bibili."

Nilitaka kucheka, nikamwona hachezi.

"Basi mu hii nyumba," akasema polepole, "ni yeye peke yake njo alifunga."

"Ndiyo, mama."

"Siku mbili kavu."

"Ndiyo."

"Pepo haiwezi kufunga." Alilisema kama mtu anayesema chumvi ni chumvi. Katika kanisa letu hilo halina mabishano. Pepo hukimbia mfungo, haukalii siku mbili kwa subira, na midomo imepasuka, kwa heshima ya Mungu na ya mama. "Haiwezi. Wachungaji bote banajua. Na minye nilitaka kumupeleka kwa minyororo." Hapo akaanza kulia, machozi yakidondokea mchele. "Anabakia. Nimesema. Na yule mama wa kanisa, kesho tunaenda kwake weye na minye, tunamuambia yote, hata ya munkoyo."

Aliweka ungo chini, akajishika ukutani kuinuka, akapita jikoni kwenda nyuma. Nikamfuata. Yaya alikuwa amechuchumaa kwenye mstari wake wa mwisho. Mama hajawahi kumwomba mtoto msamaha, mimi wala yeye, na niliona hajui aanzie wapi. Mwishowe aliketi palepale kwenye udongo na kitenge chake safi.

"Mutoto wangu," akasema, "ile siku ya kufunga, minye nilikunywa."

Yaya hakuacha kung'oa majani.

"Ninajua, mama. Nilikuona," akasema. "Njo maana nilifunga na sehemu yako."